Siku Wanaipata, Wimbo Wanaukosa: Jinsi Mashabiki wa Roki Wanavyobashiri Singo Ijayo

Bendi kubwa ya roki ikikaa kimya miaka kadhaa, kisha asubuhi moja ikaondoa picha zote kwenye ukurasa wake na kuacha doa jeusi, mashabiki hawahitaji zaidi ya hapo. Kabla jua halijazama atakuwapo aliyelikuza lile doa akaona tarakimu gizani, aliyeipekua ratiba ya ziara akakuta wiki mbili zisizo na onyesho, na anayeapa kwamba rafiki wa fundi mitambo wa bendi amemnong'oneza. Mtu wa nje husikia kelele tupu. Lakini ukizifuatilia bashiri hizi kwa muda utaona jambo moja la ajabu: kuhusu siku, mashabiki hukaribia sana ukweli, kuhusu wimbo wenyewe, mara nyingi hupigwa chenga.

Sababu ipo. Siku ya kutoa wimbo hubanwa na viwanda, maduka, chati na tiketi, na hivyo vyote huacha nyayo. Wimbo upi utangulie huamuliwa na watu wachache waliojifungia chumbani, na wanaweza kubadili mawazo hata wiki za mwisho. Nyayo zinasomeka. Ya chumbani hayasomeki, na hapo ndipo bashiri nyingi zinapovunjika.

Ijumaa, na kwa nini si Ijumaa

Hadi katikati ya 2015 kila soko lilikuwa na desturi yake. Marekani albamu mpya zilitoka Jumanne, Uingereza Jumatatu. Tarehe 10 Julai 2015 shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi, IFPI, likaanzisha siku moja kwa dunia nzima: Ijumaa. Muziki uliokwisha kutoka nchi moja ulikuwa ukisambazwa kiharamia katika nchi nyingine ambako bado ulikuwa haujafika madukani, na kampuni zilitaka kuliziba pengo hilo. Billboard, jarida la Marekani linalotoa chati za muziki, nao wakaipanga wiki yao ya kuhesabu mauzo ianze Ijumaa na kuishia Alhamisi. Albamu inayotoka Ijumaa hupata siku saba kamili za kuhesabiwa. Inayotoka Jumatano huingia vitani wiki ikiwa imebaki na siku mbili.

Shabiki mgeni akishayajua haya, kila kitu kwake kinakuwa Ijumaa. Mzoefu hutofautisha. Albamu, ndiyo. Singo ya kwanza, yaani wimbo mmoja unaotolewa peke yake kuitangulia albamu, ina tabia nyingine kabisa. Angalia: Tool walitoa "Fear Inoculum" Jumatano, tarehe 7 Agosti 2019. AC/DC, "Shot in the Dark", Jumatano, 7 Oktoba 2020. Metallica, "Lux Æterna", Jumatatu, 28 Novemba 2022. Foo Fighters, "Rescued", Jumatano, 19 Aprili 2023. Rolling Stones, "Angry", Jumatano, 6 Septemba 2023. Linkin Park, "The Emptiness Machine", Alhamisi, 5 Septemba 2024. The Cure, "Alone", Alhamisi, 26 Septemba 2024. Bendi saba, hakuna hata Ijumaa moja. Na albamu zao zote saba zilitoka Ijumaa.

Sioni fumbo hapo. Singo ya kwanza haibebi mzigo wa chati, inabeba habari. Pamoja na wimbo hutangazwa jina la albamu, jalada lake, tarehe yake na nafasi ya kuagiza mapema. Ukiitoa habari hiyo Ijumaa, siku ambayo kila mwanamuziki duniani anapanga foleni, inamezwa. Katikati ya wiki uwanja uko wazi. Wimbo usio na albamu nyuma yake hauna haja hiyo, na ndiyo maana Guns N' Roses, ambao tangu 2021 wamekuwa wakitoa moja moja, wametoa "Absurd", "Hard Skool" na "Perhaps" zote siku ya Ijumaa.

Hesabu nyingine inayofaa ni ile ya kurudi nyuma kutoka siku ya albamu. Kutoka "Rescued" hadi albamu ya Foo Fighters, siku 44. Kutoka "Angry" hadi albamu ya Stones, siku 44 vilevile. Nimeihesabu mara mbili nikidhani nimejichanganya. The Cure siku 36, AC/DC 37. Tool walikuwa na haraka, siku 23, ingawa haraka ni neno la kuchekesha kwa bendi iliyokuwa haijatoa albamu kwa miaka 13. Linkin Park siku 71. Anayetoka nje kabisa ya mstari ni Metallica, siku 137, na sababu yake ilitangazwa waziwazi: siku ileile ya wimbo walitangaza pia ziara ya dunia ya miaka miwili. Tiketi za viwanja haziwezi kusubiri albamu. Basi duka la mtandaoni likikosea likaweka tarehe ya albamu kabla ya wakati, mashabiki wazoefu hurudi nyuma wiki tano hadi saba, wanatafuta Jumatano au Alhamisi, na mara nyingi hawako mbali.

Kwa nini muda huo uwepo? Sehemu moja ni kampeni. Sehemu nyingine ni santuri. Mashabiki wa roki ni wanunuzi wakubwa wa santuri, na santuri haibonyezwi kwa kitufe. Bamba la kwanza linachongwa, linatengenezewa muhuri, nakala za majaribio zinasikilizwa, kisha kiwanda kinaanza kukandamiza plastiki. Februari 2020 moto uliteketeza kiwanda cha Apollo Masters huko California, kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza yale mabamba ya laka yanayochongwa. Kingine kiko Japani. Mwaka uliofuata foleni za viwandani zikafika miezi mingi. Albamu unayoisubiri inaweza kuwa imekamilika tangu zamani na iko kwenye makatoni. Kwa hiyo mpiga gitaa akisema kwenye mahojiano kwamba "tunachanganya sauti sasa", usianze kuhesabu wiki. Hesabu miezi.

Hata faili za mtandaoni zina ratiba. Spotify huwataka wasanii wawasilishe wimbo angalau siku saba kabla ya kutoka ili uingie kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wafuasi wao, na wasambazaji wengi hutaka muda zaidi ya huo. Ina maana wiki moja kabla ya mlipuko, wimbo tayari uko kwenye kompyuta za watu wengi ambao si wanabendi: wasambazaji, watangazaji wa redio, wahariri wa orodha, wauzaji. Kila mkono ulioongezeka ni tundu la kuvuja.

Makaratasi

Kundi la dalili ninalolipenda kuliko yote ni la makaratasi, kwa sababu hakuna aliyeyaandika kwa ajili ya mashabiki. Wimbo ukishatungwa husajiliwa kwenye mashirika ya kukusanya mirabaha kama ASCAP na BMI, na orodha zao mtu yeyote anaweza kuzipekua. Jina la albamu linaweza kuombewa alama ya biashara. Rekodi yenyewe hupewa namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, na ndani yake mna tarakimu mbili za mwaka. Kwa Uingereza, kampuni mpya huonekana kwenye rejista ya serikali ikiwa na majina ya wakurugenzi.

Radiohead ndio walioifanya rejista hiyo ipendwe. Kabla ya albamu yao ya 2007 walisajili kampuni iitwayo Xurbia Xendless. Kabla ya ile ya 2011, Ticker Tape. Mashabiki wakaona mtindo. Mwanzoni mwa 2016 wakagundua kampuni mpya zenye jina la Dawn Chorus kwa tahajia mbili tofauti, na wakatangaza kwamba albamu inakuja. Walikuwa sahihi. Mwisho wa Aprili watu waliowahi kununua vitu kwenye duka la bendi walipata kadi kwa posta zenye maneno ya kutisha kidogo, tarehe 1 Mei tovuti ya bendi ikafifia hadi ikawa nyeupe tupu, tarehe 3 ukatoka wimbo "Burn the Witch", na tarehe 8, siku ya Jumapili kwa kuvunja kila kanuni niliyoieleza hapo juu, ikatoka albamu.

Lakini wale walioamini kwamba wimbo utaitwa "Dawn Chorus" waliachwa mikono mitupu. Haukuwamo kwenye albamu. Wimbo wenye jina hilo ulikuja kutoka 2019, tena si wa Radiohead bali kwenye albamu ya mwimbaji wao, Thom Yorke, mwenyewe. Karatasi ilisema kweli kuhusu kazi kuwepo, ila haikusema chochote kuhusu wimbo.

Na mwaka 2025 karatasi ileile iliwafundisha jambo la pili. Mwezi Machi wanabendi wote watano walionekana kwenye kampuni mpya iliyoitwa RHEUK25. Kwa mashabiki hiyo ilikuwa albamu, hakuna cha kujadili. Septemba ikatangazwa ziara: Madrid, Bologna, London, Copenhagen, Berlin, maonyesho 20 kati ya Novemba na Desemba. Ukilitazama jina lile upya unaona lilikuwa likipiga kelele muda wote: herufi za Ulaya, herufi za Uingereza, na mwaka. Watu walisoma walichokitaka. Kampuni husajiliwa pale pesa zinapotarajiwa kuingia, na bendi ya miaka 30 huingiza pesa viwanjani kuliko studio.

Majina yaliyosajiliwa yana mtego mwingine, wa majina ya kazi. Guns N' Roses walipiga jukwaani Januari 2001 wimbo ulioitwa "Silkworms". Rekodi za mashabiki zikauhifadhi kwa miongo miwili. Tarehe 3 Agosti 2021, kwenye uwanja wa Fenway Park mjini Boston, bendi ikaupiga ukiwa umefumuliwa na kushonwa upya, na siku tatu baadaye ukatoka rasmi kwa jina la "Absurd". Mwezi uliofuata "Hard Skool" nao ukatoka, wimbo ambao mashabiki waliujua kwa jina la "Jackie Chan". Shabiki aliyekuwa akipekua orodha kutafuta majina ya zamani asingeona kitu, na aliyeona jina jipya asingejua kwamba wimbo anao tayari.

Picha nazo ni aina ya karatasi. Agosti 2018 wapita njia mjini Vancouver waliwapiga picha mwimbaji Brian Johnson na mpiga ngoma Phil Rudd wa AC/DC nje ya studio. Johnson alikuwa ameiacha ziara ya bendi mwaka 2016 kwa matatizo ya masikio, na Rudd alikuwa nje ya bendi kwa sababu za kimahakama. Picha moja ikatosha kueleza kila kitu: wamerudi, na wanarekodi. Bashiri ilikuwa sahihi kwa asilimia mia. Singo ikatoka baada ya miaka miwili na zaidi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu halisemi mvua ya lini.

Kinachovuja, na kinachoangushwa kwa makusudi

Uvujaji wa kweli huwa wa kijinga kuliko watu wanavyodhani. Agosti 2023, wiki moja hivi kabla ya "Perhaps" ya Guns N' Roses kutoka, wimbo ulionekana kwenye mashine za kuchagua muziki kwa kulipia zilizomo kwenye baa za Marekani. Hakuna aliyedukua kitu. Mtu aliweka tarehe vibaya, mashabiki wakaenda baa, wakalipia, wakarekodi kwa simu. Mwaka 2000 nakala isiyokamilika ya "I Disappear" ya Metallica ilianza kusikika redioni kabla haijatoka. Bendi ikafuatilia chanzo, ikafika Napster, mtandao wa watu kubadilishana nyimbo bure, na Aprili mwaka huo ikafungua ile kesi maarufu. Tundu dogo hilo likabadilisha historia ya muziki wa kidijitali.

Kuna na tundu ambalo ni jiografia tu. Nyimbo nyingi hufunguliwa usiku wa manane kwa saa za kila nchi, na New Zealand huufikia usiku huo kabla ya karibu wote. Ikifika Ijumaa kwao, kwa saa za GMT bado ni Alhamisi adhuhuri. Shabiki anayebadilisha nchi kwenye akaunti yake akajifanya yuko Auckland husikia wimbo saa kadhaa kabla ya wenzake, na huja mtandaoni kujitapa. Mbinu hii haifui dafu bendi inapofungua wimbo kwa dakika moja duniani kote, kama Linkin Park walivyofanya wakati wa matangazo ya moja kwa moja.

Mafumbo ya makusudi ni ulimwengu mwingine. Aliyeuinua mchezo huu kwenye roki ni Nine Inch Nails, mwaka 2007. Fulana za ziara yao ya Ulaya zilikuwa na herufi chache zilizokolezwa kuliko nyingine; ukizikusanya zilisomeka kama sentensi, na sentensi hiyo ilikuwa anwani ya tovuti. Kisha, kwenye onyesho la Lisbon, flashi ikaokotwa chooni. Ndani yake mlikuwa na wimbo ambao haujatoka, na mwishoni mwa wimbo kulikuwa na mkwaruzo wa sauti. Mashabiki waliupitisha mkwaruzo ule kwenye programu inayochora sauti kama picha, na likatokea umbo la mkono mkubwa ukishuka kutoka juu, umbo lililokuja kuwa jalada la albamu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba shirika la kampuni za kurekodi la Marekani lilianza kutuma barua za kuzitaka tovuti ziondoe nyimbo hizo, wakati bendi yenyewe ndiyo iliyozidondosha.

Rolling Stones walifanya kwa mtindo wa kizee na ukapendeza. Agosti 2023 gazeti dogo la mtaa, Hackney Gazette, lilichapisha tangazo la fundi vioo aitwaye Hackney Diamonds. Maneno ya tangazo yalichomeka majina ya nyimbo tatu za zamani za bendi katika ahadi za kutengeneza madirisha, na biashara ilidai kuanzishwa 1962, mwaka bendi ilipoanza. Wiki tatu baadaye Stones walikuwa Hackney wakitangaza albamu ya jina hilo. The Cure nao waliweka bango kwenye baa ya mji wa Crawley walikokulia, likiwa na tarehe ya Novemba kwa namba za Kirumi. Ndiyo iliyokuwa siku ya albamu.

Tofauti ya dalili ya makusudi na ya bahati mbaya naipima kwa swali moja: nani amegharamika? Tangazo la gazeti, bango, kadi za posta, fulana, vyote vina risiti. Mtu amelipa ili uone. Hapo unaweza kuamini kwamba kitu kiko karibu, kwa kawaida ndani ya wiki nne, kwa sababu hakuna kampuni inayolipia shauku kisha ikaiacha ipoe. Chapisho la mpiga besi lenye alama tatu za mshangao halijagharimu chochote, na thamani yake ni hiyohiyo.

Ubaya wa mafumbo ni kwamba mashabiki wakishajua bendi yao hucheza mchezo huo, hakuna tena kitu kisicho fumbo. Radiohead walitangaza albamu yao ya 2007 tarehe 1 Oktoba, wakaitoa tarehe 10 mwezi wa 10, na kwa miaka watu wamekuwa wakiunganisha namba moja na sifuri katika albamu hiyo na ile ya 1997, wengine wakizipanga nyimbo za albamu zote mbili kwa zamu kutafuta ujumbe. Linkin Park walipoweka saa ya kuhesabu kurudi nyuma Agosti 2024, saa 100 kamili, wapenzi wao walikesha. Saa ikafika sifuri na, badala ya wimbo, ikaanza kuhesabu kwenda mbele. Kwa siku kadhaa kila mtu alikuwa na nadharia ya namba zile. Jibu lilikuwa jepesi: tukio lenyewe lilikuwa tarehe 5 Septemba, ambapo Emily Armstrong alitambulishwa kuwa mwimbaji mpya. Wengi walibashiri sawa kwamba bendi inarudi na mwimbaji mwanamke, kisha wakabishana usiku kucha kuhusu nani.

Wimbo upi?

Kama kuna sehemu ambayo mashabiki wangepaswa kuwa mabingwa, ni hii, kwa sababu mara nyingi nyimbo wamekwisha kuzisikia. Bendi nyingi hujaribu kazi mpya jukwaani, simu mia zinarekodi, na kesho yake kuna kura: upi utatoka kwanza?

Mei 2019, kwenye tamasha huko Jacksonville, Tool walipiga nyimbo mbili mpya, "Descending" na "Invincible". Kwa miezi mitatu mjadala wote ulikuwa kati ya hizo mbili. Zote ziliingia kwenye albamu. Iliyotoka kwanza ilikuwa ya tatu, "Fear Inoculum", ambayo hakuna mshabiki aliyekuwa amewahi kuisikia. Ina zaidi ya dakika kumi, na ilipoingia kwenye chati ya Billboard Hot 100 ikawa wimbo mrefu kuliko wote uliowahi kuingia hapo. Kama ulikuwa unabashiri kwa kanuni ya redio, kwamba singo ya roki ni dakika tatu na nusu zenye kiitikio cha kuimbwa na uwanja mzima, ulishindwa kabla ya kuanza.

The Cure walienda kinyume. "Alone" ulikuwa wimbo wa kufungua onyesho tangu usiku wa kwanza wa ziara yao mjini Riga, Oktoba 2022. Mashabiki wakasema: unafungua onyesho, utafungua albamu, na utakuwa singo. Wakapata. Na huu nao hauna sura ya singo. Sauti ya mwimbaji wao, Robert Smith, haisikiki mpaka zipite zaidi ya dakika tatu za gitaa na kinanda.

Nikizitazama hizo mbili pamoja na "Burn the Witch", ambao jina lake lilikuwa limefichwa kwenye michoro ya albamu ya Radiohead ya 2003, naona kitu kimoja. Bendi ya roki inayorudi baada ya kimya kirefu haichagui wimbo mwepesi zaidi. Huchagua wimbo unaotangaza hali: sisi bado ni hawa, au sisi si wale tena. Linkin Park walichagua wimbo ambao ubeti wake wa kwanza huimbwa na Mike Shinoda, mwanabendi wao wa tangu mwanzo, kisha sauti mpya ikaingia. Ulikuwa utambulisho kamili ndani ya dakika tatu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni bendi inahitaji kusema nini kwanza. Mwimbaji amebadilika? Utasikia sauti mpya mapema. Mwanabendi amefariki? Foo Fighters walipoteza mpiga ngoma wao Taylor Hawkins Machi 2022, na "Rescued" haikukwepa msiba huo. Bendi inatuhumiwa kuishiwa? Tegemea kelele za gitaa na kasi. Metallica, wakiwa na miaka 40 ya kazi, walirudi na "Lux Æterna", wimbo usiotimiza hata dakika nne, uliokwenda mbio kama ni 1983.

Njia hii haina uhakika wowote, lakini inashinda ile ya kuhesabu nani aliupenda wimbo gani uwanjani. Wanaochagua wamo watu wa lebo, meneja, mtayarishaji na wanabendi wanne au watano, kila mmoja ana kipenzi chake. Mara nyingine wimbo unashinda kwa sababu video yake ndiyo iliyowahi kukamilika.

Pale ambapo hakuna dalili

Kwa miaka miwili hivi David Bowie alirekodi mjini New York bila neno kutoka nje. Waliohusika walitia saini mikataba ya kutunza siri na wakaitunza. Tarehe 8 Januari 2013, siku aliyotimiza miaka 66, wimbo wake wa kwanza baada ya muongo mmoja ulikuwa tayari unauzwa watu walipoamka. System of a Down walikuwa hawajatoa wimbo kwa miaka 15 na walikuwa wakisema hadharani kwamba hawaelewani. Vita vya Nagorno-Karabakh, kati ya Armenia na Azerbaijan, vilipozuka Septemba 2020, wanabendi hao wenye asili ya Armenia walirekodi nyimbo mbili na kuzitoa tarehe 6 Novemba. Hakuna rejista wala bango ambalo lingekuambia hilo. Ungehitaji kusoma kurasa za habari za kimataifa.

My Chemical Romance wako katikati. "The Foundations of Decay" ulitoka Alhamisi ya tarehe 12 Mei 2022 bila onyo, wimbo wao mpya wa kwanza tangu walipoungana tena. Lakini ziara yao ilikuwa inaanza siku nne baadaye. Aliyekuwa na kalenda ya ziara mkononi, akakumbuka kwamba bendi hupenda kuwa na kitu kipya mdomoni inapopanda jukwaani, angeweza kuweka alama kwenye wiki hiyo. Jina la wimbo asingelijua.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye roki siku hizi inabidi uongeze: au limetengenezwa na kompyuta. Programu za kuiga sauti zimefanya kionjo cha sekunde 20, chenye mwangwi na kelele za watu kana kwamba kimerekodiwa mlangoni pa studio, kiwe kazi ya mchana mmoja. Ubovu wa sauti, ambao zamani ulikuwa ushahidi kwamba kitu kimeibwa kweli, sasa ndio pazia la kufichia kasoro za uigaji. Wazoefu wameanza kukataa kionjo chochote kisicho na chanzo kinachofuatilika: onyesho gani, tarehe gani, nani mwingine alirekodi usiku huo. Onyesho la kweli huwa na simu zaidi ya moja.

Wale wanaojiita watu wa ndani nao hupimika. Mwenye habari ya kweli kwa kawaida ana kipande kimoja tu, kwa sababu ndicho kilichopita mezani kwake: mchapishaji wa mabango anajua jalada lakini hajui wimbo; mtu wa redio anajua siku ya kuruhusiwa kuucheza lakini hajui albamu ina nyimbo ngapi. Anayekuletea jina, tarehe, orodha nzima ya nyimbo na sababu ya ugomvi wa mpiga ngoma na mwimbaji, vyote kwa pumzi moja, huyo ana muda mwingi na hana meza.